Riwaya Iliyotoka Kwenye Dadu

Siku ile mliponiandalia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kama katika miaka yangu yote ya kazi niliwahi kupiga chapa kitu kikanitoa jasho. Nilicheka, nikasema ni ratiba za mitihani. Mkacheka nanyi, mandazi yakapitishwa, mambo yakaishia hapo. Lakini halikuwa jibu la kweli. Sasa niko nyumbani, mbuzi hawanihitaji mpaka jioni, na nimegundua kwamba naweza kukaa mbele ya karatasi bila mtu kusimama nyuma yangu akisema anaitaka saa hii. Basi nawajibu.

Vyeo nitaviruka, maana mnavijua na havikuwa vingi. Nianze na siku ya kwanza.

Niliingia ofisi ya serikali Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya dada yangu. Karani mkuu aliitwa Bwana Salim. Babu yake alitoka pwani kufanya biashara, akaoa, akabaki, na Bwana Salim alizaliwa pale pale mjini, lakini Kiswahili chake kilitutisha sisi tuliokuwa tukitafsiri kutoka Kikamba kichwani kabla ya kufungua mdomo. Aliniketisha mbele ya taipureta, akachukua leso, akanifunika mikono yote miwili.

"Sasa piga," akasema.

"Bwana, sioni herufi."

"Macho kwenye karatasi, binti. Vidole vinajua njia, wewe unavisumbua tu."

Havikuijua njia. Wiki ile ile nilimwandikia barua Mkuu wa Wilaya, nikamwita Mkuu wa Wali. Bwana Salim hakunikaripia. Aliisoma barua taratibu, akaniuliza kama huo wali ulikuwa na nyama.

Yeye ndiye aliyenifundisha hati mkato pia, ule mwandiko wa alama wa kunasa maneno upesi, saa za chakula, akinisomea gazeti kwa kasi huku akila. Alikuwa akisema mtu akitamka jambo la maana hawezi kulirudia vilevile. Usipolishika mara ya kwanza, limekwenda. Wasichana wengine waliona ananitesa. Mimi pia niliona hivyo, kwa miaka kama minne.

Baadaye nilipelekwa kuwa sekretari wa shule ya upili kule kusini, upande wa Ikutha. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na chumba cha walimu, na mlango wa katikati haukufungika kwa sababu mbao zilikuwa zimepinda kwa joto. Taipureta ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ninyi mmezoea kompyuta, kosa unalifuta na halionekani tena. Sisi tulipiga stensili, karatasi ya nta ambayo herufi inaitoboa, na ukikosea unapaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unaipuliza ikauke, unapiga tena juu yake ukiomba Mungu. Kisha unaifunga kwenye mashine ya kurudufia na kuzungusha mkono mpaka bega liume. Mtihani mmoja wa jiografia ungeweza kukupotezea hamu ya kula.

Huko ndiko alikonikuta Tomasi, mwalimu wa fizikia wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alikaa nasi miaka miwili. Alikuja na kisanduku chenye kitabu kimoja na dadu za ajabu, moja ikiwa na nyuso ishirini. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, yeye na walimu watatu walikaa kwenye meza ya chumba cha walimu wakacheza. Nami Jumamosi nilikuwa nikimalizia stensili za wiki, mlango haufungiki, kwa hiyo nilicheza pia, kwa masikio.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu mmoja anasimulia safari: mko mlangoni pa pango, ndani kuna moshi, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anasema huyo mtu wake anafanya nini. Kama jambo ni gumu, anarusha dadu. Ikitoka namba kubwa, amefaulu. Ikitoka moja, ole wake. Hakuna anayejua hadithi itaishia wapi, hata msimuliaji.

Tomasi aliporudi kwao aliwaachia kisanduku. Mwalimu Kioko, aliyefundisha historia na Kiswahili, akawa msimuliaji. Mchwa walikila kile kitabu muhula huo huo, na nadhani Kioko alifurahi, kwa sababu sasa aliweza kuondoa theluji na majumba ya mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Akaweka mto wa mchanga, vilima vikavu, nyuki wakubwa kama mbuzi, na mfalme aliyeficha mvua ndani ya ngoma. Walibaki wachezaji wawili. Makau wa kilimo alikuwa na mtu wake anayeitwa Nguli, mfanyabiashara aliyeweza kumdanganya hata simba. Na Ndunge, mwalimu wa hesabu, alikuwa na Syokau, mlinzi wa maji, mwanamke mwenye upinde ambaye hakuogopa kitu. Ndunge darasani alikuwa mkimya sana. Syokau alikuwa na sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Kwa kuwa kitabu kililiwa, Kioko aliniomba nipige chapa sheria zao kwenye karatasi moja. Nilizipiga nikiwa nawaza chakula cha watoto. Kumbe vidole vilikuwa vikikariri.

Kisha ikaja riwaya. Asubuhi moja Kioko aliingia na madaftari saba.

"Mama Mutheu, nimeandika kitabu. Ile safari yetu yote. Nataka kuipeleka kwa wachapishaji Nairobi. Mwalimu mkuu amekubali utumie mashine, bora karatasi ziwe zangu."

Kwanza niliogopa. Kwetu neno mchawi si la mchezo, na watu wamefukuzwa vijijini kwa uvumi tu. Kitabu kilikuwa na mchawi, tena mapema. Nami ni mwimbaji wa kwaya. Haikupita wiki, mchungaji aliyekuwa akija kuhubiri shuleni akaiona karatasi mezani, akaiinua.

"Sekretari, hapa ukurasa wa pili kuna mchawi."

"Ndiyo, Mchungaji. Lakini anashindwa ukurasa wa tisa."

"Nipe ukurasa wa tisa."

Aliusoma akiwa amesimama, akaurudisha, akasema huyo mchawi angeshindwa mapema zaidi kama wangefunga na kuomba. Akaenda zake.

Shida ya pili ilikuwa kitabu chenyewe. Bwana Salim alinifundisha kwamba karani hapimi maneno ya mwenye barua, anayapiga tu, na kwa miaka mingi nilifuata hivyo. Lakini katika sura ya nne wale watu walijaribu kufungua mlango mmoja mara tisa.

"Mwalimu," nikamwambia, "hawa watu mlango unawashinda kwa kurasa sita."

"Ndivyo ilivyokuwa. Makau alirusha dadu vibaya mara nane."

"Msomaji hakuwepo, Mwalimu. Yeye anaona mlango tu."

Alikasirika kidogo, akaenda, akarudi Jumatatu na mlango unaofunguka mara ya pili. Tangu hapo akawa ananiuliza. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakukubali kuguswa: matokeo makubwa. Kama dadu ilisema mtu kashinda, kashinda. Kama ilisema kaanguka, kaanguka. Alisema hiyo ndiyo tofauti ya kitabu chake na vitabu vingine, kwamba yeye mwenyewe hakuchagua nani aishi.

Hapo ndipo tulipofika sura ya kumi na mbili.

Nilikuwa nimekwisha kuweka karatasi na kaboni kwenye mashine, madaftari yamefunguliwa, Ndunge alipoingia na kusukuma ule mlango mbovu mpaka ukakwama. Hakuwa amekaa na wenzake Jumamosi tatu. Nilidhani ni kusahihisha mitihani.

"Mama Mutheu, umefika wapi?"

"Sura ya kumi na mbili."

"Usiipige."

Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa na vumbi la chaki na hakuwa ameipangusa.

"Jumamosi moja sikuwepo," akasema. "Nilienda mazishi. Walikuwa kwenye mto, wanatafuta maji. Kioko akarusha dadu kwa niaba yangu. Ikatoka moja. Syokau akafukiwa na mchanga kisimani. Nimerudi Jumatatu, Makau ananiambia kwa kicheko, pole, umekufa."

"Pole, Madam. Lakini si unaweza kutengeneza mtu mwingine?"

"Syokau ni jina la mama yangu."

Halafu akaniambia. Mnaijua mito yetu, kiangazi inabaki mchanga mtupu na watu wanachimba mashimo kufuata maji. Kiangazi kimoja kibaya, Ndunge akiwa msichana wa darasa la sita, shimo lao lilikuwa limefika urefu wa watu wawili. Mama alikuwa chini akijaza, Ndunge juu ameshika kamba. Ukuta wa mchanga ukaporomoka. Alivuta kamba, ikaja na mtungi peke yake. Alikimbia kuita watu, na watu walikuwa mbali.

"Kioko hajui," akasema. "Na usimwambie. Sitaki anihurumie. Nataka tu mama yangu asife tena mahali pale pale, halafu watu wasome."

Akatoka. Nilibaki na sura mezani.

Sasa nawaambia ninyi mnaofanya kazi hii: hapo ndipo nilipotoka jasho. Kupiga nilivyoandikiwa ningeweza, ndiyo kazi. Kubadilisha bila ruhusa ningeweza pia, Kioko angegundua na angekuwa na haki ya kunikasirikia. Kumwambia sababu nilikuwa nimekatazwa. Nilifanya wanachofanya makarani wote wakikwama. Nilisema utepe wa taipureta umekwisha.

Utepe ulikwisha kwa siku nane. Kioko alikuwa akipitia kila asubuhi.

"Bado?"

"Bado, Mwalimu. Kitui wanasema labda Ijumaa."

Siku ya tisa alikuja na utepe mkononi. Alikuwa amemwagiza mtu amletee kutoka mji wa Kwa Vonza. Nikaupokea, nikashukuru, na nikiwa naufungua nikaona wazi kwamba visingizio vimeniishia. Ndipo vidole vyangu vikafanya kitu. Kabla ya kujaribu utepe mpya huwa napiga mstari wowote ule ninaoukumbuka. Nilipiga mstari, nikausoma, nikausoma tena. Ulikuwa sheria ya nne ya mchezo wao.

"Mwalimu Kioko, njoo uone hapa."

Akainama, akasoma kwa sauti: "Kila mtu atarusha dadu kwa mkono wake. Asiyekuwepo, mtu wake amelala usingizi kando ya moto na hakuna la kumpata."

"Hizi ni sheria zako?"

"Zetu, ndiyo."

"Na siku ya kisima, Madam Ndunge alikuwepo?"

Niliona anataka kubisha. Alisema walihitaji mtu wa kushuka kisimani, Makau alikuwa na haraka, shule ilikuwa karibu kufungwa. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo Syokau alikuwa amelala," akasema.

"Kwa sheria yenu."

"Basi nani aliingia kisimani?"

"Hilo unaniuliza mimi? Mimi ni sekretari."

Akajikuna shingo. Alikuwa mtu wa haki, Kioko. Akasema hiyo sura haifai, na kwamba Jumamosi watarudia, Ndunge arushe kwa mkono wake. Akaenda akiwa mwepesi kabisa, na mimi ndipo nilipotambua nilichofanya. Kama angerusha mwenyewe na ikatoka moja tena, ingekuwa ni mkono wake ndio uliomfukia.

Nililala vibaya siku mbili. Nilimwendea Ndunge nikamwambia asije, aseme ana homa. Akaniuliza nimemwambia Kioko nini. Nikamwambia ni sheria tu, mama yake sikumtaja. Akasema atafikiria.

Jumamosi alikuja. Alikaa mahali pake pa zamani. Mimi sikuwa na stensili yoyote siku ile, lakini nilikuwa mezani kwangu na daftari langu la hati mkato, kwa mazoea tu, mlango wazi.

Kioko akasimulia upya. Mko mtoni, mchanga unachoma nyayo, vibuyu vimekauka. Kuna kisima kirefu. Nguli anaogopa. Syokau anashuka. Ukuta unaanza kuanguka.

"Ukipata sita au zaidi, unatoka," akasema. "Rusha."

Ndunge alichukua dadu. Aliishika. Akaiweka mezani.

"Kabla sijarusha," akasema, "mama yangu aliitwa Syokau. Alikufa hivi. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba."

Makau, aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, aliangalia magoti yake. Kioko akanyoosha mkono kuiondoa ile dadu mezani.

"Madam, nisamehe. Sikujua. Basi, hairushwi. Ametoka. Mimi nasema ametoka."

"Hapana," Ndunge akasema. "Hukuniuliza mara ya kwanza. Usiniamulie na ya pili."

Akairusha.

Iligonga kikombe cha chai, ikabingirika mpaka ukingoni mwa meza, ikasimama. Makau ndiye aliyekuwa karibu. Aliinama akaisoma.

"Kumi na saba."

Nilisikia mtu akivuta pumzi ndefu kama aliyetoka majini. Nilikuwa mimi.

"Haya," Kioko akasema polepole. "Tuambie anatokaje."

Ndunge akatuambia. Hakuwa na haraka. Alisema mchanga ulimfika Syokau kifuani, ukasimama. Alisema aliyeko juu hakukimbia kuita watu, kwa sababu watu walikuwepo, walikuwa wameketi pale pale chini ya mgunga, na wote waliruka. Walichimba kwa vibuyu, kwa sahani, kwa viatu, kwa kucha. Mmoja alivua kanga akaifunga kwenye kamba ili isikate mikono. Walimwambia Syokau aimbe wajue yuko wapi, akaimba wimbo wa kukoboa mahindi. Walimtoa kwa makwapa, mchanga ukiwa masikioni, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa kama mtungi umepona.

Makau alikuwa akilia waziwazi. Nguli wake naye, akasema, alichimba. Aandikwe kwamba alichimba.

Mimi nilikuwa nimeandika. Kila neno, kwa ndoano na vistari vya hati mkato, kalamu haikuinuka. Nilijua hatalisema tena vile, na hajalisema. Jumatatu nilipiga sura ya kumi na mbili kutoka kwenye daftari langu, na kosa lilikuwa moja tu, mahali ambapo sikuona vizuri. Kioko aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alitoa kalamu kama kawaida yake, akaizungusha zungusha, akairudisha mfukoni bila kusahihisha neno.

Kitabu kilienda Nairobi. Baada ya miezi mingi kilirudi na barua ya heshima. Walisema hadithi za mazimwi na nyuki wakubwa hazina soko, na msimulizi ana watu wengi wanaotembea bila kufika. Lakini waliongeza mstari mmoja: sura ya kumi na mbili inaonekana imeandikwa na mtu mwingine, na huyo mtu aandike zaidi.

Niliogopa kumpa Kioko barua ile. Aliisoma mara mbili, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Mutheu, unajua nimepumzika namna gani? Mimi napenda kusimulia watu wakiwa mbele yangu wanabisha. Huku kuandika kulikuwa kunaniua. Yuko wapi Ndunge?"

Ndunge aliandika riwaya mbili zake mwenyewe, zote kutokana na michezo yao ya Jumamosi, na milango yake ilifunguka haraka. Hatukutafuta mchapishaji tena. Nilizipiga kwenye stensili, tukazirudufu, tukazishona kwa uzi wa magunia, zikazunguka mabwenini mpaka zikawa laini kama kitambaa. Mwalimu mkuu alinyang'anya nakala moja darasani, akakaa nayo muhula mzima bila kuirudisha. Mwishoni mwa muhula akamuuliza Ndunge, kwa sauti ya chini, kama kuna ya tatu.

Mimi nilihamishiwa Makueni baadaye, na nikapiga barua nyingi ambazo hata siku ile ile sikuzikumbuka. Hiyo ndiyo kazi, na sikuichukia. Lakini Desemba ile ya mwaka wa riwaya, shule ikiwa imefungwa, Ndunge alikuja ofisini asubuhi akiwa na mtungi.

"Mama Mutheu, twende mtoni."

Nilifunga ofisi, tukaenda. Mchanga ulikuwa mweupe na umeanza kupata moto. Wanawake walikuwa wakichota, visima vilikuwa vifupi mwaka ule, maji yako karibu. Tukawasalimu, wakatupa nafasi. Ulikuwa mto ule ule wa mama yake, na Ndunge hakuwa amekanyaga pale tangu alipokuwa msichana. Alivua viatu, akapiga magoti, akachota kwa kata. Alisubiri mchanga utulie chini, akanywa yote, akachota tena akanipa mimi.

"Onja," akasema. "Ni matamu."

Yalikuwa na chumvi kidogo. Nilinywa yote, nikamwambia ni kweli.